Usimikaji wa Geti Katika Uchochoro wa Nyumba Mbili: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba

Uchochoro ni njia nyembamba inayobaki kati ya kuta za nyumba mbili zilizojengwa karibu karibu, na katika mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyokua kabla ya kupimwa, kama vile Manzese, Tandale na Keko, nafasi hiyo huwa finyu kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili. Mwenye nyumba anapoamua kuweka geti mahali hapo, kwa kawaida hutaka kuwazuia wezi, mifugo inayozurura au wapita njia wanaokatisha uani, na lengo hilo ni halali. Hata hivyo, uchochoro una kazi zake tangu siku nyumba zilipojengwa: hupitisha hewa na mwanga, hupokea maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye mapaa mawili, humpa fundi nafasi ya kukarabati kuta, na mara nyingi ndiyo njia ya pekee ya kutokea nyuma pindi moto unapozuka upande wa mbele. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja, nayo ni kwamba geti zuri la uchochoroni huongeza ulinzi bila kuondoa hata moja kati ya kazi hizo, na husimama kwa nguvu zake lenyewe bila kuegemea ukuta wa jirani. Hesabu zote zinafuata mfano wa uchochoro wenye upana wa sentimita 110, ili msomaji aweze kuzirudia kwa kutumia vipimo vya mahali pake.

Makubaliano kabla ya chuma

Swali la kwanza ni uchochoro ni wa nani, na jibu lake halipatikani kwa kuangalia nani anaufagia. Katika viwanja vilivyopimwa, mpaka huonyeshwa na bikoni, yaani mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapima ardhi, na ramani ya kiwanja iliyoambatanishwa na hati miliki huonyesha iwapo nafasi hiyo imo ndani ya kiwanja kimoja, imegawanywa kati ya viwanja viwili au ni njia ya umma. Katika maeneo yasiyopimwa, ushahidi mkubwa huwa ni mikataba ya mauziano na kumbukumbu za wakazi wa siku nyingi, kwa hiyo mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanapaswa kuhusishwa mapema, kabla fundi hajapewa malipo ya awali.

Swali la pili ni nani ana haki ya kupita, kwa kuwa umiliki wa ardhi na haki ya kupita ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya mwaka 1999, inatambua kwamba kipande cha ardhi kinaweza kubeba haki ya mtu mwingine, ikiwemo haki ya kukipitia ili kuifikia ardhi yake. Mwenye kiwanja ambaye uchochoro wake umekuwa njia ya nyumba ya nyuma hawezi basi kuufunga kana kwamba haki hiyo haipo. Anachoweza kufanya ni kuweka geti linalofunguka kwa wote wenye haki, na jambo hilo huhitaji maandishi. Maandishi yenyewe hayahitaji kuwa marefu: yataje mahali geti litakaposimama, nani atalipia ujenzi na matengenezo, funguo ngapi zitatolewa na kwa nani, saa za kufunga, na kwamba geti halibadilishi mpaka wa kiwanja cha yeyote, kisha pande zote zitie saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mgogoro ukizuka, baraza la kata ndiyo ngazi ya usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha migogoro ya ardhi wala haliitolei hukumu, na usuluhishi ukishindikana shauri hupelekwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Katika miji ya kale ya pwani tahadhari huwa kubwa zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na katika miji yote miwili vichochoro ndizo barabara zenyewe, zinazopitisha watu, mikokoteni na, kwa upande wa Lamu, punda waliobebeshwa mizigo. Huko mwenye nyumba hapaswi kugusa ukuta wala njia kabla ya kupata kibali cha mamlaka ya uhifadhi.

Kupima nafasi

Kosa linaloharibu mageti mengi ya uchochoroni ni kupima upana mara moja tu, usawa wa kifua, na kumpelekea mchomeleaji namba hiyo moja. Kuta za nyumba mbili zilizojengwa na mafundi tofauti katika miaka tofauti ni nadra kwenda sambamba: moja inaweza kuwa imeinama, nyingine ina lipu iliyovimba chini kwa unyevu, na msingi wa mojawapo unaweza kuwa umejitokeza kwa sentimita kadhaa karibu na ardhi. Upana basi unapaswa kupimwa katika vimo vitatu, yaani karibu na ardhi, katikati na juu, na vipimo hivyo virudiwe mahali pawili: kwenye mstari ambapo geti litasimama, na ndani zaidi, umbali unaolingana na upana wa geti lenyewe, kwa sababu geti likifunguka huchora nusu ya nusu duara na ncha yake hupita katika eneo lote hilo. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuatwa.

Baada ya upana, timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni ambao huonyesha wima halisi, ishushwe kando ya kila ukuta ili kujua ukuta umeinama kiasi gani, na pimamaji itumike kupima mteremko wa ardhi. Mteremko ni muhimu kwa sababu geti linalofungukia upande wa mwinuko hugusa ardhi kabla ya kufunguka kikamilifu. Ardhi ikipanda kwa sentimita 6 ndani ya mita moja, geti lililoachiwa nafasi ya sentimita 5 chini yake litakwama njiani, na hapo mwenye nyumba atalazimika ama kuchimba njia, ama kukata geti kwa mshazari upande wa chini, ama kuligeuza lifungukie upande wa mteremko.

Mwisho wa kupima ni kuorodhesha vitu vitakavyopita. Kiti cha magurudumu huhitaji nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi ili anayekisukuma asikwaruze vidole. Usukani wa pikipiki hukaribia kipimo hichohicho. Friji, machela na jeneza hupita penye upana mdogo kuliko huo, mradi njia imenyooka na hakuna kona mara baada ya geti. Kimo nacho kinahusu maisha ya nyumbani, kwani mtu aliyejitwisha ndoo kichwani huhitaji nafasi inayozidi urefu wake kwa sentimita 40 hivi, na ndiyo maana mfano wa mwongozo huu unatumia kimo cha sentimita 226.

Umbo linalofaa nafasi finyu

Geti la kuteleza, ambalo hukimbia kando ya ukuta juu ya reli, halifai hapa kwa sababu halina mahali pa kukimbilia. Linalobaki ni geti la kufunguka kwa bawaba, na kwa kuwa kufungulia nje kunaweza kumgonga mpita njia na kuziweka bawaba mikononi mwa mwizi, geti la uchochoroni hufungukia ndani.

Tatizo la nafasi finyu ni kwamba geti haliwezi kufunguka zaidi ya robo duara, kwani ukuta hulizuia, na likisimama katika hali hiyo unene wake hula njia. Ufumbuzi umo katika mahali pa kufunga bawaba. Geti likiwekwa katikati ya miimo, yaani nguzo mbili za wima za fremu, unene wake wa sentimita 4 pamoja na mpini huingia ndani ya njia kila linapofunguliwa. Geti likilalia uso wa ndani wa miimo badala ya kukaa katikati yake, na bawaba zikafungwa kwenye ukingo wa mwimo ulio karibu na ukuta, pini zake zikiwa usawa wa uso wa ndani wa geti, basi geti likifunguliwa hujificha nyuma ya mwimo na njia yote hubaki wazi. Mpangilio huu una faida nyingine mbili: geti hujizuia lenyewe kwenye miimo bila kuhitaji kizuizi cha ziada, na upungufu mdogo wa vipimo hausababishi mwanya unaoonekana kutoka nje.

Katika mfano wa uchochoro wa sentimita 110, sentimita 1 huachwa kila upande kati ya ukuta na mwimo, miimo miwili ya sentimita 5 huchukua sentimita 10, na njia inayobaki ni sentimita 98. Geti lenyewe hufunika mwimo mzima wa upande wa bawaba, yaani sentimita 5, huvuka njia ya sentimita 98, kisha hulalia sentimita 3 za mwimo wa upande wa komeo, hivyo upana wake wote ni sentimita 106. Kutoka kwenye pini ya bawaba hadi ukuta wa upande wa pili kuna sentimita 109, na kwa hiyo ncha ya geti ina takriban sentimita 3 za kupumulia inapozunguka. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini upana wa ndani lazima upimwe pia: ukuta ukivimba kwa sentimita 4 mahali ambapo ncha inapita, geti lililotengenezwa kwa ustadi halitafunguka.

Mabawa mawili, yaani geti lililogawanywa vipande viwili vinavyokutana katikati, hufaa pale ambapo ndani ya geti kuna ngazi, chemba au mlango wa jirani unaozuia geti pana lisizunguke. Katika hali hiyo bawa moja huongezewa ubapa wa chuma unaofunika mwanya wa katikati. Kazi hiyo ni ileile inayofanywa na mfaa, mti wa wima uliopigiliwa kwenye ukingo wa bawa moja la mlango wa nakshi wa Waswahili, ambao hulala juu ya bawa la pili ili lisifunguke peke yake na ili jicho la mtu wa nje lisipenye.

Fremu inayojitegemea

Njia rahisi inayopendekezwa na mafundi wengi ni kutoboa ukuta na kufunga bawaba moja kwa moja kwa boliti, au kuchomelea bawaba kwenye vipande vya nondo vilivyozamishwa ukutani. Njia hii ina kasoro tatu. Kwanza, nusu ya geti huishia kwenye ukuta wa jirani, na siku jirani atakapobomoa, kuuza au kugombana, geti halina pa kukaa. Pili, tofali za bloku zilizofyatuliwa kwa saruji kidogo hazishiki boliti vizuri, hasa karibu na kona ya nyumba ambako boliti inayopanuka hupasua ukingo, na unene wa lipu hauhesabiwi kabisa kama sehemu ya kushikia. Tatu, kila kishindo cha geti husafiri ndani ya ukuta hadi chumba cha kulala, na ugomvi wa majirani huanzia hapo.

Fremu inayojitegemea ni umbo la mstatili lililofungwa pande zote nne: miimo miwili, kizingiti cha juu kinachoiunganisha, na kizingiti cha chini kinachozamishwa katika mkanda wa zege unaokatiza njia. Wembamba wa uchochoro, ambao mahali pengine ni kikwazo, hapa ni msaada, kwa sababu fremu fupi iliyofungwa pande nne haiyumbi kirahisi na haihitaji mashimo marefu ya nguzo. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu kuchimba shimo la kina cha sentimita 60 au zaidi kando ya msingi wa nyumba kunaweza kuufikia udongo unaobeba ukuta na kuuacha bila tegemeo. Mtaro usishuke kamwe chini ya kitako cha msingi wa nyumba yoyote kati ya hizo mbili, na kabla ya sururu kushushwa ni lazima kujulikana bomba la maji safi na la majitaka yanapita wapi.

Mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 40, kina cha sentimita 30 na urefu wa uchochoro wote wa sentimita 110 una ujazo wa takriban mita za ujazo 0.13. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400, mkanda huo unazidi kilo 300, yaani zaidi ya mara sita ya uzito wa geti la mfano, na hivyo geti likifunguliwa wazi fremu haielekei kuanguka hata kama haijagusa ukuta. Karatasi ya nailoni iwekwe kati ya zege na misingi ya nyumba ili zege jipya lisishikamane nayo, na vyuma vinavyozama vifunikwe na zege la unene wa sentimita 5 au zaidi pande zote, kwani chuma kinachogusana na udongo wenye unyevu huliwa na kutu bila mtu kuona.

Uzito na bawaba

Geti linaloshuka kwa kawaida halikosi nguvu ya kubeba uzito kwenda chini; linalolishinda ni mvuto wa kando unaovuta bawaba ya juu kutoka kwenye mwimo. Mvuto huo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa geti na nusu ya upana wake, kisha kugawanya kwa umbali uliopo kati ya bawaba ya juu na ya chini. Geti la upana wa sentimita 106 na kimo cha sentimita 220, lililotengenezwa kwa skwea paipu, yaani bomba la chuma la mraba, la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2, na kufunikwa lote kwa bamba la milimita 1.5, hufikia takriban kilo 50 pamoja na komeo na bawaba. Bawaba zake zikiwa zimeachana kwa sentimita 160, bawaba ya juu huvutwa kwa nguvu inayolingana na kilo 17 hivi; zikiwekwa umbali wa sentimita 80 tu, mvuto hupanda hadi kilo 33, ingawa geti ni lilelile. Mabawa mawili ya nusu upana hupunguza mvuto huo hadi kilo 4 kwa kila bawa, kwa sababu uzito na upana vyote hupungua kwa nusu.

Kutokana na hesabu hiyo, bawaba mbili zilizoachana vya kutosha ni bora kuliko tatu zilizosongamana, na ya juu ndiyo inayostahili kuchomelewa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Bawaba za pini nene zenye gololi au zenye tundu la kupakia grisi hudumu kuliko zile nyembamba za milango ya mbao. Pale ambapo mwimo ni dhaifu, pini ya chini inaweza kusimamishwa juu ya kizingiti chenyewe ili uzito wote uende ardhini, namna ambayo milango ya kale ya pwani, inayozunguka juu ya pini zilizoingia kwenye vizingiti vya juu na chini, imebeba mbao nzito kwa vizazi.

Hewa, maji, moto na umeme

Bamba zima kuanzia chini hadi juu hufunga hewa ya nyumba mbili, na madirisha yanayotazama uchochoro hubaki yakivuta joto. Inapendeza bamba liishie kimo cha sentimita 120 na sehemu ya juu iwe na nondo za wima zilizoachana kwa sentimita zisizozidi 10, kipimo ambacho kichwa cha mtoto mdogo hakipenyi. Nondo za mlalo ziepukwe, kwani huwa ngazi kwa anayetaka kupanda.

Wakati wa masika, maji ya mapaa mawili hukusanyika katika njia moja, na geti lililogusa ardhi huwa bwawa linalojaza misingi yote miwili. Nafasi ya sentimita 8 hivi iachwe chini ya geti, na uso wa mkanda wa zege ufuate mteremko wa njia bila kuinuka juu ya ardhi hata kidogo. Ikiwa kuku au panya ndio wasiwasi, ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi chakavu unaweza kufungwa kwenye ukingo wa chini, kwa sababu mpira huinama maji yanapousukuma na kurudi mahali pake yakipungua.

Kuhusu moto, sharti ni moja: aliye ndani aweze kutoka bila kutafuta ufunguo. Komeo la ndani linalovutwa kwa mkono mmoja, lililofichwa nyuma ya bamba ili mtu wa nje asilifikie kwa kupenyeza mkono kati ya nondo, hutimiza sharti hilo. Kufuli linalofungwa kwa ndani usiku, huku ufunguo ukiwa chini ya mto wa mtu mmoja, halitimizi. Msoma mita ya maji na fundi wa umeme nao wanapaswa kufika kwenye vifaa vyao, kwa hiyo mita iliyoko ndani ya uchochoro ihesabiwe wakati wa kugawa funguo. Waya wa umeme unaopita ukutani usiguswe na fremu wala kupitishwa ndani yake, maana waya uliochubuka hugeuza geti lote la chuma kuwa hatari kwa mtu wa kwanza atakayelishika. Waya ukiwa katika njia ya fremu, fundi umeme mwenye leseni auhamishe kwanza.

Hatua za usimikaji

Fremu na geti vitengenezwe pamoja karakanani juu ya sakafu tambarare, na bawaba zishikizwe kwanza kwa nukta chache za kuchomelea, geti lijaribiwe kufunguka, kisha ndipo zichomelewe kikamilifu. Chuma kilichopakwa zinki hustahimili upepo wa chumvi wa pwani, lakini zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa, hivyo lazima iondolewe kwa grainda mahali pa kuchomelea, kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, na maungio yapakwe upya rangi ya kuzuia kutu. Chuma cha kawaida kisuguliwe hadi kutu na mafuta viishe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ikiwemo ndani ya pembe ambazo hazitafikika tena baada ya kusimikwa, na rangi ya mwisho ipakwe mara mbili baada ya usimikaji.

Siku ya kusimika, mtaro huchimbwa, fremu husimamishwa bila geti, na kabari za mbao huwekwa kila upande ili kuitenga na kuta. Timazi hushushwa kwenye kila mwimo, mbele na kando, kwa sababu mwimo wenye bawaba ukiinama kidogo tu, geti litafunguka au kufunga lenyewe siku zote. Baada ya wima, mishazari hupimwa, yaani umbali kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, na kinyume chake: uwazi wa sentimita 98 kwa 226 una mshazari wa takriban sentimita 246, na mishazari miwili ikilingana, fremu ina pembe mraba. Isipolingana, fremu husukumwa kwa kabari hadi ilingane, wala fundi asikubali kusema kwamba zege litainyoosha.

Zege huchanganywa kwa uwiano wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, na kwa mkanda wa mfano mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Maji yawe ya kiasi, kwani zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini huwa dhaifu. Zege hushindiliwa kwa nondo ili hewa itoke, timazi hurudiwa kabla halijaanza kushika, na kisha humwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Katika muda huo geti lisitundikwe, hata kama mwenye nyumba ana haraka, kwa kuwa zege la siku ya kwanza likitikiswa hupasuka kuzunguka miimo na halishiki tena.

Baada ya siku hizo geti hutundikwa, grisi huwekwa kwenye pini, na vipande vya mpira hubandikwa kwenye uso wa miimo mahali ambapo geti linalalia, ili mtu anayerudi usiku afunge bila kishindo. Sentimita 1 iliyobaki kati ya mwimo na ukuta hujazwa sponji au ukanda wa mpira na si saruji, maana saruji ingerudisha ule muungano na ukuta wa jirani ambao fremu imejengwa kuuepuka.

Makabidhiano na matunzo

Geti lisipokelewe kwa kutazamwa tu. Mwenye nyumba, jirani na fundi wakiwa pamoja, geti lifunguliwe kwa robo ya njia, nusu na njia yote, na kila mara liachwe: likibaki palepale, mwimo uko wima, likisogea, fundi bado ana kazi. Ndoo kadhaa za maji zimwagwe upande wa juu wa mteremko ili kuona kama maji yanapita chini bila kutuama, kisha mtu mzee na mtoto mwenye umri wa kwenda shule wafungue komeo la ndani gizani, kwa kuwa hao ndio watakaolihitaji siku ya dharura. Kila mwenye haki ya kupita ajaribu ufunguo wake mwenyewe, na idadi ya funguo ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika makubaliano.

Matunzo hayahitaji gharama kubwa, ila yanahitaji kufuatwa kwa wakati. Kila mwaka kabla ya masika, takataka ziondolewe chini ya geti, grisi iongezwe, maungio ya bawaba ya juu yachunguzwe kama yana ufa, na sehemu za chini ya sentimita 30, ambako maji hurukia, zisuguliwe na kupakwa rangi mara madoa ya kutu yanapoonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa geti la uchochoroni ukuta huo una nyumba mbili nyuma yake. Kwa sababu hiyo gharama ya matengenezo igawanywe kama makubaliano yalivyosema, na mwenye geti awe wa kwanza kuitoa, kwani ulinzi alioutafuta unategemea chuma kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa zaidi unategemea jirani aliyeridhika, ambaye akisikia geti likitikiswa usiku atatoka kuangalia.